Uvimbe wa Chokoleti wa Mwalimu Rehema

Wanangu wauguzi, na ninyi madaktari vijana mnaokuja kuninywea uji hapa nyumbani kwangu Msamala mkisingizia mmekuja kunijulia hali, leo sitaki tuzungumze habari za wakubwa wala za uhamisho. Leo nataka kuwaambia habari za firigisi.

Ndiyo, firigisi za kuku. Mimi Kandida nimezeekea chumba cha upasuaji. Nimekabidhi visu na mikasi kwa mikono ya kila namna, ya wapole na ya wakali, ya waliojua na ya waliojifanya wanajua. Lakini sikuwahi kumwona daktari akiingia kazini na mfuko wa firigisi mbichi mpaka alipokuja Daktari Leokadia.

Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani. Alisomea magonjwa ya wanawake Dar es Salaam, akaomba mwenyewe kurudi huku, hospitali yetu ya Songea. Watu walishangaa. Thieta tulilazimika kumtafutia stuli ya kusimamia, maana meza yetu ya upasuaji ilikuwa na ugonjwa wa kutoshuka. Siku ya kwanza alipanda stuli ile, akatutazama wote kutoka juu, akasema, "Kumbe ndivyo wenzangu mnavyoiona dunia!" Tukacheka, tukampenda.

Basi siku hiyo ya firigisi aliwakusanya madaktari wa mafunzo kwenye chumba chetu cha chai. Akagawa firigisi, kila mmoja ya kwake, na koleo ndogo za kushikia.

"Mpasue," alisema. "Mmwage uchafu. Halafu mmenye hii ngozi ya ndani, ya njano. Nataka itoke yenyewe, nyama ibaki haina mchubuko."

Kulikuwa na kijana mmoja mrefu kutoka Mwanza, Fidelis, mwenye mikono mikubwa na haraka kubwa zaidi. Akavuta. Ngozi ikatoka na pande la nyama.

"Fidelis," akasema daktari, "hiyo nyama uliyobandua ni mayai. Umemnyang'anya mtu watoto wake."

Fidelis akaomba firigisi nyingine, akaiharibu, akaomba nyingine tena. Mchana nilizikaanga kwa vitunguu na nyanya. Za Fidelis ndizo zilizokuwa laini kuliko zote, maana zilikuwa zimeshateswa vya kutosha.

Niwaeleze sasa maana yake, kwa sababu wapo kati yenu ambao hawajaingia thieta. Ndani ya mji wa mimba kuna nyama laini inayotanda kila mwezi, na mimba isipoingia inabomoka na kutoka kama hedhi. Kwa wanawake wengine nyama ya namna hiyo huota pasipo pake. Ikiota kwenye mfuko wa mayai, nayo hutoa damu kila mwezi, ila haina mlango wa kutokea. Damu inakaa humo, inakuwa nzito na ya kahawia kama chokoleti iliyoyeyuka, na uvimbe unakua. Ndiyo maana sisi wa thieta tunauita uvimbe wa chokoleti. Mgeni mmoja aliwahi kutuletea boksi la chokoleti kama zawadi. Lilikaa mezani mpaka sisimizi wakalimaliza. Hakuna muuguzi aliyelisogelea.

Nilipoanza kazi uvimbe huu ulikuwa na dawa moja rahisi: unautoboa, unafyonza, unafunga. Mgonjwa anaamka amepata nafuu, ndugu wanashukuru, sisi tunajisifu. Baada ya muda yuleyule anarudi na maumivu yaleyale. Tulikuwa tunamwaga maji na kuacha mtungi, na mtungi ukajaa tena. Wakaja waliosema, basi toa mtungi wote: mfuko wa mayai ukaondolewa pamoja na uvimbe wake. Hapo hakika haukurudi, lakini na mayai yake yalikwenda nao. Wengine walipewa vidonge vya homoni. Vidonge ni vizuri, msinielewe vibaya. Vinalaza ugonjwa na vinatuliza maumivu. Ila ukivimeza hushiki mimba, na anayetafuta mtoto huwezi kumpa vidonge ukamwambia ametibiwa utasa.

Halafu ikaja njia ya kumenya: unafungua uvimbe, unabandua ngozi yake ya ndani, unauacha mfuko. Hiyo ndiyo tuliyoishangilia. Uvimbe ulipungua kurudi, na wanawake kadhaa walipata watoto. Tukadhani tumefika.

Aliyetuambia kwamba hatujafika ni Daktari Leokadia mwenyewe, siku ileile ya firigisi, tukiwa tunakula.

"Nikiwa mwanafunzi wa ubingwa," alisema, "nilimmenya dada mmoja uvimbe pande zote mbili. Kila palipotoa damu niliunguza kwa mashine. Nikaunguza, nikaunguza. Thieta ikawa safi, bila tone. Mwalimu wangu akanisifu mbele ya wenzangu. Yule dada alirudi baadaye. Maumivu hana, lakini hedhi imekatika, naye bado kijana. Akaniuliza, 'Daktari, nimeshazeeka?'"

Fidelis aliacha kutafuna.

"Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote," daktari akaendelea. "Haongezewi. Uvimbe wenyewe unayala. Sisi nasi tukimenya ovyo, tukiunguza ovyo, tunayala. Sasa ninyi mniambie nani adui hapo."

Nimefanya kazi na madaktari wengi, wanangu. Wachache sana niliowasikia wakisimulia kosa lao mbele ya vijana, tena wakiwa na kijiko mkononi. Toka siku ile nilimheshimu yule mama mfupi kuliko nilivyowaheshimu wengi walioligusa dari.

Sasa niwaeleze habari za Mwalimu Rehema.

Rehema alikuwa Myao wa Tunduru, anafundisha shule ya msingi huko Namtumbo, na mumewe Swalehe analima tumbaku na mahindi. Alikuwa hajafika miaka thelathini. Miaka ya nyuma, akiwa mkoa mwingine, alipasuliwa kwa haraka na mfuko mmoja wa mayai ukatolewa na uvimbe wake. Alibaki na mmoja. Alipofika kwetu, picha ya ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa chokoleti kwenye huo mmoja uliobaki.

Alikuja na Swalehe na mama mkwe wake, Bi Somoe. Nilikuwa zamu ya kliniki siku ile.

"Shikamoo mama," Rehema akanisalimu. Hakukaa kitini. Aliegemea meza kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtu anayesubiri wimbi la maumivu lipite.

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Nikikaa kuinuka ni kazi, mama. Darasani nafundisha nimeegemea dawati. Watoto wamezoea. Wakiniona nimefumba macho wanaanza kuimba jedwali la kuzidisha wenyewe, mwalimu mkuu asijue."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akafumba macho kwelikweli.

Daktari alimpima, akatoa damu, tukaipeleka Dar kupima akiba ya mayai. Majibu yaliporudi akawaita wote watatu. Akawaambia akiba ni ndogo kuliko umri wake, lakini haijaisha. Akawapangia njia zote mezani bila kuficha. Kuacha uvimbe na kuendelea kutafuta mimba: wapo wanaopata hivyo, ila maumivu yatabaki, na kwa Rehema maumivu yalikuwa yameshaingia hata chumbani kwake na mumewe. Vidonge: vitatuliza, lakini mtoto atasubiri. Kwenda Dar kupandikizwa mimba: hilo lilikuwa mbali na uwezo wao. Kupasua na kumenya: maumivu yatapungua na njia ya mimba huenda ikafunguka, lakini kila kisu kinaondoka na mayai kadhaa, na yeye mfuko ni huo tu.

Mimi nilidhani namjua Bi Somoe kabla hajafungua mdomo. Nimewaona mama wakwe wengi kliniki ile. Nikajiandaa kusikia habari za mjukuu na za mke wa pili.

"Daktari," akasema Bi Somoe, "toa lote. Mfuko na uvimbe. Usibakishe kitu."

"Mama!" Rehema akageuka.

"Nyamaza mwanangu. Mlongo wangu, dada wa damu, alikufa na uvimbe tumboni. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri, tukamzika. Wajukuu Mwenyezi Mungu kanipa kwa wanangu wengine. Rehema ninaye mmoja."

Swalehe aliinamisha kichwa. Nami niliona haya kwa mawazo yangu.

Daktari Leokadia alisogeza kiti karibu na yule mama. Akamweleza taratibu kwamba uvimbe huu si kama ule uliomuua dada yake. Huu unatesa, lakini kwa vipimo vyote alivyofanya haukuwa na dalili ya saratani. Na kwamba kuutoa mfuko wote kungemtia Rehema katika ukomo wa hedhi kabla ya wakati, joto la mwili, mifupa kudhoofika, mbali na kukosa mtoto. Kisha akamgeukia Rehema. "Mwili ni wako. Sema wewe."

"Nataka unitoe maumivu," Rehema akasema. "Na unachoweza kuniachia, niachie. Ukishindwa, Mungu anajua. Lakini usinifunge kabla hujajaribu."

"Siwezi kukuahidi mtoto."

"Sijakuomba ahadi, daktari. Nimekuomba mkono mwepesi."

Siku ya upasuaji daktari alipanda stuli yake, Fidelis akasimama upande wa pili kama msaidizi, mimi nikakaa kwenye vifaa. Tumbo lilipofunguka tulikuta mfuko wa mayai umenata nyuma ya mji wa mimba. Daktari aliuachanisha kidogokidogo. Uvimbe ukapasuka, chokoleti ikamwagika, tukaifyonza na kuosha. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Wanangu, kumenya kwa Daktari Leokadia kulikuwa kitu cha kutazama. Hakuvuta. Alishika ngozi ya uvimbe kwa koleo moja, nyama ya mfuko kwa nyingine, akazitenganisha kama mtu anayefungua kurasa zilizolowa. Palipokataa, alirudi nyuma akatafuta mlango mwingine. Fidelis wa firigisi alikuwa ametulia kimya, mikono yake mikubwa haitikisiki. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu naye ameiva.

Tulipokaribia shina la mfuko, pale mishipa ya damu inapoingilia, ngozi iligoma. Ilikuwa imeshikana na nyama kabisa, na damu ikaanza kupanda.

"Niunguze?" Fidelis akauliza, mkono ukiwa njiani kwenda kwenye mashine. Haikuwa kosa, ndivyo sote tulivyofundishwa.

"Hapana. Gozi."

Nikampa. Akaibana hiyo gozi, kitambaa laini cha hospitali, pale palipotoa damu, akatulia. Mtaalamu wa usingizi akauliza kama kuna tatizo. "Hakuna," daktari akajibu, "tunasubiri tu." Wengi hawajui kwamba kubana na kusubiri ni upasuaji pia. Alipoondoa gozi, damu ilikuwa imepungua, haijakoma.

"Mama Kandida, uzi wako mwembamba kuliko wote."

Nilikuwa nimeshauweka tayari. Akashona mfuko ule kutoka ndani, kwa kushikiza taratibu, akiupa umbo lake. Damu ikakata. Hakuna kilichoungua.

"Na ile ngozi ya shinani?" Fidelis akauliza.

"Ile tunaiacha."

"Si itarudisha uvimbe?"

"Inaweza. Lakini nikiifuata huko, nitautoa uvimbe na Rehema hatakuwa na mfuko. Kujua kumenya umeshajua, Fidelis. Leo jifunze kuacha."

Kilichofuata wodini kilikuwa kigumu kuliko thieta. Daktari hakuwa mtu wa kuficha. Rehema alipozinduka vizuri akamwambia kila kitu, Bi Somoe akisikiliza pembeni.

"Mmeacha?" Bi Somoe akasimama. "Mmempasua mtoto wangu, mmeuona ugonjwa kwa macho, mkauacha?"

"Tumeacha kipande kidogo, mama. Kilikuwa kimeshikana na mayai."

"Ninyi mlikuwa humo ndani kufanya nini?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Nilitaka kuingilia kati, daktari akanizuia kwa jicho. Akamwacha yule mama aseme yote: habari za dada yake, za kungoja, za kaburi. Alipomaliza pumzi, daktari akasema, "Mama, ningekwangua mpaka mwisho, leo ningekuja hapa na maneno matamu. Ningekuambia nimemaliza. Na kweli ningekuwa nimemaliza, kila kitu."

Bi Somoe akamtazama sana. Alikuwa mkulima toka utoto wake. Akakaa tena kitandani miguuni pa mkwewe.

"Kwa hiyo hii ni mbegu," akasema hatimaye. "Mmekataa kutuacha tule mbegu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona hamkusema hivyo toka mwanzo? Elimu yenu inazunguka sana."

Wodi nzima ikacheka, na Rehema akashika mshono wake kwa maumivu ya kicheko, akimwomba mama mkwe anyamaze jamani.

Daktari aliwaruhusu na maneno machache. Wasikae wakingoja, akiba haingoji. Rehema akipona kidonda waanze kutafuta mtoto. Vidonge vya kuzuia uvimbe usirudi vingekuja baadaye, si sasa. Na maumivu yakirudi, wasikimbilie kisu kingine, kwa sababu kisu cha pili kwenye mfuko uleule hula zaidi ya cha kwanza.

Msidhani kila tuliyemshughulikia aliondoka na mimba. Kulikuwa na Generosa, mfanyabiashara wa vitenge sokoni, aliyemenywa kwa mikono ileile, uzi uleule, uangalifu uleule. Hakupata. Siku moja alinikuta njiani akanikumbatia, akasema sasa anafungua duka siku zote za mwezi bila kujikunja chini ya meza, na kwamba watu wanamsikitikia kwa jambo moja wakasahau kumpongeza kwa jingine. Maneno yake yawakae, mnapotaka kumpima daktari kwa mtoto peke yake.

Rehema naye alikaa muda. Alikuja kliniki mara kadhaa bado hana mimba, ila sasa alikaa kitini kama watu wengine, na alisema watoto darasani wamesahau jedwali la kuzidisha kwa kukosa mazoezi. Mvua zikaja zikaisha. Swalehe akavuna tumbaku, akapanda tena. Kisha asubuhi moja nikiwa natayarisha vifaa, nikaitwa mlangoni. Ni Bi Somoe, amekuja mwenyewe toka Namtumbo. Hata salamu hakungoja.

"Mwambie yule mfupi wako," akasema, machozi yamejaa, "mbegu imeota. Alhamdulillah, imeota."

Niliingia ndani mbio. Daktari alikuwa ananawa mikono. Nilipomwambia aliendelea kunawa, akanawa, akanawa, mpaka nikafunga bomba mwenyewe.

Mtoto alikuja kukaa kitako tumboni, hakutaka kugeuka, ikabidi tumpasue Rehema tena. Safari hii alichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho nyuma ya pazia, ananong'ona dua zake. Fidelis, ambaye sasa alikuwa daktari kamili, ndiye aliyemtoa mtoto. Wa kike, mwenye sauti ya kumwamsha mwalimu mkuu. Tulimwonyesha mama yake, wote wawili wakalia.

Mji wa mimba ulipokwisha kushonwa, Daktari Leokadia aliinama kutoka kwenye stuli yake, akaingiza vidole nyuma taratibu, akauinua ule mfuko wa mayai. Hakuna uvimbe. Ulikuwa mdogo, wa rangi ya maziwa, na kovu jembamba kama uzi ubavuni mwake. Sote tuliokuwa pale tuliutazama, na hakuna aliyesema neno.

Kimya kile kilimtisha mgonjwa.

"Daktari," Rehema akaita nyuma ya pazia, "mbona mmenyamaza?"

"Nautazama mfuko wako."

"Umeharibika?"

"Hapana, Mwalimu. Upo. Umepona."

Tulimsikia akivuta pumzi.

"Basi daktari, nakuomba. Mimi siwezi kuufikia. Uambie Rehema anasema ahsante."

Nilidhani daktari atacheka. Daktari Leokadia aliinama zaidi, barakoa yake karibu iguse, na kwa ile sauti yake ya kusoma masomo, akaufikishia salamu.